Mlima wa Kumtumia Mama

Mama alipohamishiwa Tandahimba, kitu cha kwanza alicholalamikia hakikuwa joto. Alilalamika kwamba kule hakuna juu.

Alipiga simu wiki ile ile aliyofika. Baba akaweka spika, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua mchicha. "Huku nikimwelekeza mtu njia, namwambia pita upande wa juu. Ananiangalia, ananiuliza, juu ya nini?" Baba alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka, lakini baadaye nikabaki nalo. Sisi wa huku hatuna habari na kaskazini na kusini. Juu ni upande wa mlima, chini ni upande ambao mlima haupo, basi. Jirani yetu hapa Kimandolu, Arusha, akikutuma dukani anakwambia shuka, hata kama njia imenyooka kama rula. Mama alizaliwa na kukua chini ya mlima Meru. Kumpeleka mahali ambapo upeo wote ni mikorosho, nadhani ilikuwa kama kumfunga mtu kitambaa machoni, ukamzungusha, halafu ukamwachia.

Mama ni nesi, na uhamisho ukija hauulizi mtoto wako yuko kidato cha ngapi. Njia ya kurudi tuliyoiona ilikuwa moja, kubadilishana. Unamtafuta nesi mwenzako aliye huku anayetaka kwenda huko, mnakubaliana, wakubwa wa pande zote mbili wakiridhia kila mmoja anahamia kituo cha mwenzake. Shida ni kwamba wanaotaka kuja Arusha wamejaa tele, ila anayetaka kutoka Arusha aende Tandahimba utamtafuta kwa tochi. Kwa hiyo mimi na baba tulikaa tunasubiri mtu tusiyemjua ashikwe na hamu ya kwao.

Wakati tunasubiri, mama akaomba picha. "Nitumieni mlima. Ule wa kwa bibi, ukiwa umefunguka."

Bibi, mama yake baba, anaishi Nkoaranga, kwenye shamba lenye migomba na kahawa iliyozeeka. Pale uwanjani kwake, kati ya migomba na banda la ng'ombe, kuna nafasi ndogo ambayo ukisimama unauona Meru mzima, kuanzia msitu hadi ule ukingo wake uliomeguka. Mama kila tukienda alikuwa anasimama hapo na kikombe cha chai. Bibi alikuwa anamtania, "We mkwe, kila asubuhi unamtafuta nani huko juu?" Mama anajibu, "Namwangalia mwenye nyumba, mama. Sijampa shikamoo."

Nikapiga picha kwa simu ya baba. Migomba ikatoka safi, kila jani unaliona. Mlima ukatoka mweupe kama shuka kwenye kamba. Mama akajibu, "Asante mwanangu. Sasa mlima uko wapi?"

Nilipiga tena, na tena. Kila mara ni vile vile: simu inaona giza la migombani, inahangaika kuliangaza, mlima unaungua kwa mwanga. Ndipo baba akaleta kamera.

Baba ni dereva wa watalii, na kamera ile aliipata kwa dereva mwenzake aliyeichoka. Lile gurudumu la juu lenye herufi lilikuwa limekwama kwenye M, halizunguki hata ulikazanie. Maana yake ile sehemu ya kuiachia kamera ifikirie yenyewe haipo tena. "Kamera nyingine unaiambia piga, inapiga," baba alisema huku akinivisha mkanda wake shingoni. "Hii ni gari la gia za mkono. Ukiizima mlimani usimlaumu mtu."

Mimi ni mtu wa aibu. Siandiki hivyo ili nionewe huruma, kila anayenijua anajua. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, ila mdomo unachelewa. Akishampa mwingine ndio jibu linafika, limevaa vizuri kabisa, halina pa kwenda. Kwa hiyo kitu ambacho kinakutaka utulie kabla ya kubonyeza kilinifaa kuliko vitu vingi. Halafu ukiwa nyuma ya kamera watu hawakuangalii wewe. Wanaangalia kamera.

Picha yangu ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Baba aliigeuza kamera huku na huku. "Hii umepiga usiku wa manane?"

"Saa tatu asubuhi, baba."

"Basi jua lilipatwa na mimi sikuambiwa."

Akakaa na mimi kwenye gogo, akaanza. Mambo ni matatu, alisema. Kwanza tundu la lenzi, mlango wa mwanga. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo. Nikamuuliza kwa nini iwe kinyume. "Usiniulize, na mimi niliambiwa hivyo hivyo na nikanyamaza." Pili kasi ya shata, yaani ule mlango unakaa wazi kwa muda gani. Tatu ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, na hapo ndipo alipofurahi, maana alipata mfano wake. "ISO ni gia namba moja. Mwanga ukiwa mdogo, unaipandisha, utapanda tu. Lakini injini inalia." Akanionyesha picha aliyopiga jikoni kwa bibi na ISO ya juu kabisa. Kweli, ilikuwa imejaa chengachenga kama televisheni ya zamani. Bibi akaiangalia akasema kumbe moshi wa jikoni kwake unaonekana hadi kwenye picha.

Likizo ile yote nilishinda Nkoaranga. Nilianza na vitu visivyokimbia. Buibui. Kinyonga mmoja kwenye mbuni wa kahawa, ambaye nadhani alinichoka kabla mimi sijamchoka. Halafu nikahamia kwenye mfereji unaopita pembeni ya shamba, unaoteremsha maji kwa watu wa chini. Nilijifunza kwamba ukiiweka shata haraka, maji yanaganda, unaona kila tone limening'inia kama shanga. Ukiiacha wazi kidogo, kamera ukiwa umeiegesha juu ya jiwe, maji yale yale yanakuwa kama kanga inayopepea. Nilikaa pale nikibadilisha, nikibadilisha. Niliwaza, kumbe kitu kimoja kinaweza kuwa hivi au hivi kutegemea umekaa nacho muda gani. Sikumwambia mtu. Ni aina ya mambo ambayo ukiyasema kwa sauti yanakuwa ya kijinga.

Ila mlima ulinishinda. Nikipima mwanga wa mlima, ambao asubuhi unapigwa na jua moja kwa moja, migomba inakuwa ukuta mweusi. Nikipima migomba, mlima haupo. Baba aliniambia, "Chagua kimoja." Sikutaka. Nilitaka mama aone pale pale anaposimama, na mlima wake, vyote, bila kuulizwa nini kiko wapi. Nikaona nikimtumia mlima peke yake ni kama kalenda ya ukutani.

Nitasema ukweli wote. Moyoni nilikuwa na imani ya kitoto kwamba mama akiuona mlima vizuri, vile ulivyo hasa, atarudi. Kama vile kilichomzuia ni kusahau. Nilijua si kweli. Nilijua tunasubiri nesi. Lakini nesi sikuwa na namna ya kumtengeneza, picha nilikuwa nayo.

Halafu nesi akapatikana.

Alikuwa anafanya kazi huku kwetu, upande wa Nduruma, mwenyeji wa kule kule Tandahimba. Alikuja huku kwa kuolewa, mume akafariki, na mama yake mzazi amezeeka kijijini yuko peke yake. Alikuwa anatafuta wa kubadilishana naye kama sisi tulivyokuwa tunatafuta. Wao wenyewe kwa wenyewe, mama na yule nesi, wakapeana namba, wakaelewana simu ya kwanza tu. Baba siku hiyo alipiga mluzi akiwa anafua. Baba hapigi mluzi.

Tukaenda kumsalimia Jumapili, tumebeba mkungu wa ndizi kutoka kwa bibi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu," kwa Kiswahili laini, kinachoteleza, si hiki chetu cha kupanda vilima. Akauangalia ule mkungu, akamwangalia baba.

"Haya ni mahari au ni rushwa?"

"Ni kianzio tu," baba akasema. "Ukighairi tunakuja kuchukua mkungu wetu."

"Mtakuta maganda, shemeji."

Tulicheka. Akatuonyesha simu yake. Mama yangu, kila akipata nafasi, alikuwa anamtembelea mama yake yule nesi kijijini, anampima presha, anampiga picha anamtumia mwanawe. Nikaona bibi mwembamba amekaa mkekani mbele ya mlango wa nyumba ya udongo. Nguo unaiona, mkeka unauona, uso ni giza.

"Mama nampata," yule nesi akasema, akivuta picha kwa vidole iwe kubwa, "ila sura yake siipati. Nadhani ni simu ya mama yako."

Sijui ilitoka wapi, nikasikia sauti yangu. "Si simu. Jua liko nyuma ya bibi. Ageuzwe tu, aelekee kwenye mwanga, kivulini lakini karibu na jua."

Baba akanigeukia kama mtu aliyesikia kiti kinaongea. Yule nesi akasema, "Basi mwambie mama yako, fundi."

Nikamwambia. Jioni ile nilimweleza mama kwenye simu jinsi ya kumkalisha bibi kwenye ukingo wa kivuli, aguse uso wake kwenye kioo cha simu kwa kidole ili ipime mwanga wa uso na si wa nyuma yake. Mama alikuwa anarudia kila neno, "Kivulini lakini karibu na jua, enhe," na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha. Tuliongea muda mrefu kuliko siku zote tangu aondoke, na hatukuongelea kitu kingine. Picha iliyofuata, yule nesi alimtumia baba na neno moja tu: nimemwona. Unaona macho yake bibi, na mikunjo, na kwamba alikuwa anakaribia kucheka.

Baada ya hapo niliacha kuhangaika na mlima. Nilikuwa napiga ndege na majani, najifurahisha tu. Mama anakuja, nikawaza, atauona mwenyewe. Nilianza hata kupanga vitu, nikapunguza nguo zangu kwenye kabati ili za mama zipate nafasi.

Yule bibi alifariki wiki moja kabla shule hazijafunguliwa. Mama yangu ndiye aliyekuwa naye. Alitupigia asubuhi, na nilijua kutoka kwenye pumzi yake kabla hajasema. Alimwogesha yeye pamoja na wanawake wa jirani. Binti alifika baada ya safari ile ndefu, akakuta mama yake ameshazikwa, kwa sababu kwao hawachelewi kuzika.

Niliposikia, nililia sana, na baba akanishika bega akidhani nina moyo mwema. Nilikuwa namlilia bibi nisiyemjua kwa sababu zangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani kabla ya mtu yeyote kuisema.

Yule nesi aliporudi alikuja mwenyewe Kimandolu. Baba alimpa chai. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

"Sikutaka kuwaambia kwa simu," alisema. "Mkeo amenitendea jambo ambalo ndugu zangu hawakulifanya. Kwa hiyo nimekuja kwa miguu yangu kusema ninachosema."

"Sema tu, shemeji. Tumeshajua."

"Nilikuwa naenda kwa mama. Sasa nikienda, naenda kwa nani? Nyumba tumeifunga. Wanangu hapa ndio kwao, hata lugha ya kule hawaijui." Akazungusha kikombe. "Nimekaa pale siku za msiba nikijiambia nitazoea. Naogopa, shemeji. Naogopa kufika mahali ambapo kila mtu ataniambia pole kila siku."

Baba akasema, "Tumekuelewa." Akasema tena, "Tumekuelewa kabisa." Nilitaka asielewe hata kidogo.

Kabla ya kuondoka alikuja mlangoni pa jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akasema ile picha ya mama yake, ile niliyoelekeza, ameisafisha na kuiweka ukutani, na watoto wake wanaisalimia wakitoka kwenda shule. Kisha akanishika kichwa. Alinukia udi na sabuni ya hospitali, kama mama alivyokuwa akinukia akitoka zamu. Nikashindwa kumchukia. Nilifunga bomba kwa sababu maji yalikuwa yanamwagika bure.

Ikaja likizo nyingine. Mama hakuomba picha tena, na hatukuwa na nesi wa kumsubiri. Nikapanda Nkoaranga peke yangu, kamera shingoni, na sikuwa na imani yoyote ya kitoto iliyobaki. Nilitaka tu kumaliza.

Mlima ulijifunika mfululizo. Nikiamka naona ukungu umelala hadi kwenye migomba ya jirani, bibi ananiambia nirudi ndani nikanywe mtori. Siku uliyofunguka nilijua kutokana na ubaridi kabla sijatoka. Nikaweka kamera juu ya ngazi ya banda la ng'ombe, nikapima mlima, nikaiweka shata na tundu vile mlima unavyotaka. Migomba ikawa nyeusi kama kawaida. Safari hii sikubonyeza. Nilisimama nikaangalia. Jua lilikuwa limeshaufikia mlima lakini huku chini bado liko nyuma ya miti ya jirani, na lilikuwa linashuka kutoka kileleni, kwenye mawe, kwenye msitu, kwenye mashamba ya juu, linatujia. Siku zote zile nilikuwa napiga mapema mno, kwa sababu ya kuogopa mawingu. Hakuna namba ya kamera ambayo ingeweza kunisaidia. Ilibidi kungoja jua lifike uwanjani, na kuomba mawingu yasilitangulie.

Bibi alikuja akasimama na ndoo ya maziwa. "Mbona hupigi?"

"Nalisubiri jua, bibi."

"Usiliite kwa nguvu, lina aibu kama wewe."

Likafika. Kwanza ncha za majani ya migomba, halafu mashina, halafu miguu ya bibi na ndoo yake. Kwa muda mfupi mwanga wa juu na wa chini ukawa mmoja. Nikabonyeza. Nilipomaliza, wingu dogo lilikuwa tayari limeshikilia ule ukingo.

Nikaihamishia kwenye simu ya bibi, nikamtumia mama siku ile ile. Jioni ukaja ujumbe wake wa sauti. Nyuma yake nilisikia watoto wa Tandahimba wakicheza, na mtu akimwita nesi, naye akamwambia ngoja kidogo. "Ndio wenyewe," alisema. "Ndio wenyewe kabisa, na bibi yako naye namwona miguu." Alivuta makamasi. "Lakini mwanangu, mlima haujakua. Niliuacha hivi hivi ulivyo. Wewe nilikuacha ukinifika hapa kwenye bega. Nikijaribu kukuona, nakuona vile vile ulivyokuwa stendi, na ninajua si wewe tena. Nitumie wewe."

Niliisikiliza nyuma ya banda, sauti nikiwa nimeipunguza. Mimi sipigwi picha. Kwenye picha ya darasa niko nyuma ya mtu. Simu ya baba ina mimi wawili, wote wamegeuza shingo.

Kesho yake baba alipanda. Nikachagua mlango wa jiko la bibi, kwa sababu mama anaujua ulivyo mfupi. Yeye huinama kidogo kuupita. Nikisimama hapo ataweza kunipima. Nikachomeka jembe ardhini mahali nitakaposimama, nikaweka fokasi kwenye mpini, nikaifunga isibadilike, nikapima mwanga kwenye kiganja changu. Nikapiga moja ya kujaribu.

"Jembe limetoka na sura nzuri," baba akasema. "Sijui kama wewe utaliweza."

"Baba, toka kwenye mwanga."

"Nimetoka. Tuseme ukweli, nani bosi hapa?"

Nikaweka ile ya kujipiga yenyewe, nikabonyeza, taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzimika. Nikang'oa jembe nikamrushia baba, nikakimbia mlangoni. Sikujua mikono niiweke wapi. Kichwa kilikuwa kimeanza kugeuka upande, kwa mazoea, kuelekea kwenye migomba. Bibi akasema kitu kwa Kimeru, baba akamnyamazisha.

Nikauegemeza mgongo kwenye mwimo wa mlango, visigino chini kabisa ili nisimdanganye, nikahisi ubao wa juu wa mlango umenigusa nywele. Nikaiangalia lenzi.